Wazimamoto wa kujitolea na wa mshahara: nani analipia kusubiri?

Watu wengi wakisikia king'ora cha gari la zimamoto hudhani waliomo ndani ni waajiriwa wa serikali, kama walivyo polisi. Sehemu kubwa ya dunia haiko hivyo. Marekani, hesabu ya mwaka 2020 ya NFPA, chama kinachoweka viwango vya kinga ya moto nchini humo, ilionyesha wazimamoto 1,041,200. Kati yao 676,900, yaani asilimia 65, walikuwa wa kujitolea. Ufaransa ni karibu 8 kati ya kila 10. Ujerumani wanafika takribani milioni moja, na wenye ajira ni wachache mno mbele yao. Austria ina miji 6 tu yenye vikosi vya kuajiriwa: Vienna, Graz, Linz, Salzburg, Innsbruck na Klagenfurt. Ukitoka nje ya miji hiyo, na ukiacha vikosi vya viwandani, anayekuja nyumba yako ikiungua ni seremala, mwalimu au mkulima aliyeacha shughuli zake akaja mbio.

Kwa hiyo ule ubishi wa nani mzimamoto wa kweli na nani wa kubahatisha haufiki mbali. Tofauti ipo, tena kubwa, ila wengi huitafuta mahali ambapo haipo. Huitafuta kwenye ujasiri, kana kwamba mshahara humwongezea au humpunguzia mtu woga. Huitafuta kwenye ujuzi, ambako hoja ipo kidogo, na nitaifikia. Mimi naiona kwenye saa ambazo hakuna kinachoungua. Mzimamoto wa mshahara halipwi kwa kuzima moto. Analipwa kwa kuwepo: kuwa kituoni saa kumi alfajiri, buti zake zikiwa zimeshachomekwa ndani ya suruali ya kazi pembeni mwa gari, hata kama usiku mzima simu haitaita. Wa kujitolea naye husubiri, lakini kusubiri kwake hakumo kwenye bajeti ya yeyote. Kunalipiwa na mwajiri wake, na mwenzi wake, na usingizi wake.

Tuchukue moto wa nyumba, saa nane mchana, siku ya kazi. Kwenye kituo cha waajiriwa kengele inalia, watu wanne wanaacha walichokuwa wakikifanya, wanatumbukiza miguu kwenye buti, wanavuta suruali, wanapanda. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1710, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2001, kinawapa sekunde 80 za kuvaa na kuondoka, kisha dakika 4 za barabarani kwa gari la kwanza. Na katika dakika hizo kazi imeshaanza. Aliyekaa mbele yuko kwenye redio, waliokaa nyuma wanajifunga mitungi ya hewa, na hakuna anayeuliza nani atashika mpira wa maji na nani atabaki kwenye pampu, maana waligawana kazi asubuhi zamu ilipoanza.

Kwa wa kujitolea, peja inalia kiunoni mwa mtu aliyesimama mbele ya msumeno wa umeme. Anauzima, anamuaga bosi, anakimbilia gari lake. Anafika kituoni, anafungua mlango, anavaa. Halafu anasubiri. Anasubiri kwa sababu hana leseni ya kuendesha lile gari kubwa, au anayo lakini pampu haijui vizuri, au anajua vyote ila yuko peke yake, na mtu mmoja haendi kuzima moto wa nyumba. Ndiyo maana kiwango chao, NFPA 1720, hakiangalii gari limefika lini, kinaangalia watu wangapi wamekusanyika mahali pa tukio. Penye wakazi zaidi ya 1,000 kwa kila maili ya mraba wanatakiwa watu 15 ndani ya dakika 9. Vijijini, penye wakazi chini ya 500, wanatakiwa 6 ndani ya dakika 14, na hata hilo linatarajiwa litimie mara 8 kati ya 10.

Dakika 14 si uzembe. Ni umbali, idadi ya watu na kazi wanazofanya. Shida ni kwamba moto wenyewe umebadilika. Maabara za UL za Marekani, zinazopima usalama wa bidhaa, zilichoma vyumba viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa na samani za zamani za mbao na vitambaa vya asili, kingine samani za kisasa zilizojaa sponji na plastiki. Chumba cha kisasa kilishika moto chote kwa mpigo, kuanzia sakafuni hadi darini, chini ya dakika 5. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja utaona kwamba anayeishi mbali na kituo chenye watu ndani hawezi kutegemea kikosi kiokoe chumba moto ulipoanzia. Kinachookolewa ni vyumba vingine, au nyumba ya jirani. Sijui kwa nini halmashauri nyingi huona haya kuwaambia wakazi wake jambo hili, wakati lingewafanya wanunue king'amua moshi kesho asubuhi.

Kuna sehemu nyingine ambayo idadi ya watu inauma zaidi ya dakika. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinasema wawili wakiingia ndani ya jengo linaloungua, wawili wengine wawe nje tayari kuwafuata mambo yakiharibika. Msamaha upo pale panapohitajika kumwokoa mtu aliyenasa ndani. Kwa kikosi cha mshahara hilo si tatizo sana: wanne walikuja katika gari moja. Kwa kikosi cha kujitolea cha saa nane mchana, wametokea watatu. Moshi mweusi unatoka dirishani kwa nguvu, mwenye nyumba hajulikani kama yumo au ametoka, na kiongozi wao ana sekunde chache za kuamua kama wawili waingie wakimwacha yeye peke yake na pampu, au wamwage maji kutokea nje hadi wa nne afike. Mtu huyo asubuhi alikuwa akiuza vipuri dukani. Anayesema wa kujitolea hawana mzigo wa kitaaluma ajaribu kuwaza uamuzi huo.

Historia inasaidia kueleza tulifikaje hapa, na ndani yake mashine zilikuwa na nguvu kuliko maadili. Benjamin Franklin na wenzake walipoanzisha Union Fire Company mjini Philadelphia mwaka 1736, na kwa zaidi ya karne moja baada yake, kuzima moto kulikuwa kazi ya kundi kubwa: kupokezana ndoo, kukokota pampu kwa kamba, kuisukuma kwa mikono hadi mabega yakatae, kisha kupisha wengine. Hakuna mji ambao ungeweza kuajiri watu wote hao wakae bure wakingojea moto. Kujitolea kulikuwa jibu la busara kabisa. Lakini kampuni za kujitolea za miji ya Marekani zikageuka kuwa magenge ya sifa na siasa, zikawa zinapigana ngumi kwa kugombea nani afike kwanza na nani achukue maji, nyumba ikiendelea kuteketea nyuma yao. Cincinnati ilichoka. Tarehe 1 Aprili 1853 ikaanza kikosi cha kulipwa, silaha yake kubwa ikiwa pampu ya mvuke iliyoitwa "Uncle Joe Ross".

Pampu ile ndiyo iliyobadilisha mahesabu. Ilihitaji watu wachache kuliko ile ya mikono, lakini wachache hao walipaswa kuwepo muda wote, pamoja na farasi wa kulishwa na boila ya kutunzwa ishike kazi upesi. Kusubiri kukawa kazi ya mtu. New York ikafuta vikosi vyake vya kujitolea mwaka 1865. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuunda kikosi cha umma cha London, kwa sababu kampuni za bima zilizokuwa zikiendesha huduma hiyo tangu 1833 zilikataa kuendelea kubeba gharama. Moto wa Tooley Street wa mwaka 1861, uliomuua hata mkuu wa kikosi chenyewe, James Braidwood, ulikuwa umeziachia madai ambayo hazikutaka kuyaona tena. Bima ilikuwa radhi kulipia kusubiri maadamu kulikuwa kunaleta faida. Faida ilipotoweka, mzigo ukaangukia kodi.

Sasa njoo Chile, nchi ambayo huvuruga kila nadharia nyepesi juu ya jambo hili. Tarehe 8 Desemba 1863 kanisa la Wajesuiti lililoitwa La Compañía lilishika moto mjini Santiago likiwa limejaa waumini, na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Siku chache baadaye mji ukawa na kikosi chake cha kujitolea, kwa kufuata mfano wa Valparaíso iliyoanza mwaka 1851. Hadi leo nchi nzima, pamoja na mji mkuu wenye mamilioni ya watu, inategemea wa kujitolea. Na hao si watu wa kuja na ndoo. Wamegawanyika katika kampuni zenye utaalamu wake, hii ya maji, ile ya ngazi, nyingine ya uokoaji, na wana timu za kutafuta watu chini ya vifusi zilizothibitishwa kwa viwango vya kimataifa. Zaidi ya kutolipwa, wanachama hutoa ada ya kila mwezi. Wanalipa ili wafanye kazi!

Mtu akiishia hapo atasema basi, mshahara hauna maana, ni suala la moyo tu. Aangalie ndani ya kituo. Kuna wanachama wanaolala huko usiku kwa zamu, ili mtu asitoke nyumbani kwake mbali akachelewa. Na kuna mtu mmoja anayeitwa cuartelero, anayeendesha gari, anatunza kituo, na mara nyingi anaishi hapohapo. Huyo analipwa. Chile imewapata maelfu ya watu wa kuingia motoni bila malipo, lakini mtu wa kukaa karibu na usukani saa zote imelazimika kumnunua.

Kwenye ujuzi nilisema hoja ipo kidogo. Mafunzo ya msingi kwa nchi nyingi ni yaleyale kwenye karatasi. Moto haukuulizi hati yako ya ajira. Kinachotofautiana ni saa za kuyarudia. Mwenye mshahara hufanya mazoezi mchana akiwa kazini: leo ngazi, kesho kukata gari lililopinda, keshokutwa kujua mitungi ya gesi. Wa kujitolea hufanya hayo jioni baada ya kazi, au siku ambayo wanawe wanamtaka uwanjani. Vitu vya kila siku atavijua vizuri. Vinavyotokea mara moja katika miaka ishirini ndivyo vinavyopotea.

Tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, jimbo la Texas, ghala la mbolea lilishika moto jioni. Wa kujitolea wa mji walifika haraka, wakaanza kutafuta maji. Takribani dakika 20 baada ya moto kuripotiwa, tani zipatazo 30 za mbolea ya amoniamu naitreti zikalipuka. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao ni waliokuja kusaidia, wengi wakiwa wa kujitolea. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2016 ilitaja upungufu wa mafunzo kuhusu mbolea ile na jinsi inavyoweza kulipuka. Ni rahisi kusoma kisa hicho kama ushahidi dhidi ya kujitolea. Mimi sikisomi hivyo. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo ofisa wa kulipwa wa kikosi cha Dallas, aliyekuwa nje ya zamu akaenda kusaidia. Na ghala lilikuwa halina mfumo wa kunyunyiza maji, limezungukwa na shule, nyumba na makazi ya wazee. Waliokosea kwanza ni walioruhusu hayo, kisha wakamwachia seremala wa jioni ajue mwenyewe kemia ya mbolea.

Kuna upande ambao wa kujitolea humzidi wa mshahara, nao hausemwi inavyostahili. Anawajua watu. Anajua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea, kisima kipi hukauka kiangazi, lango lipi limefungwa kwa mnyororo. Ujuzi huo ndio uliowafanya wanachama wa shobodan, vikosi vya wenyeji vya Japani, wawe wa thamani kubwa siku ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Walikwenda kufunga milango ya kuta za bahari na kupita nyumba kwa nyumba wakiwahimiza wazee watoke. Kwenye mikoa mitatu iliyoathirika zaidi, 254 kati yao walikufa au hawakuonekana tena. Baada ya hapo maelekezo mapya yakasisitiza kwamba nao wawe na muda maalumu wa kuacha kila kitu na kukimbilia juu. Kumjua jirani kunaokoa maisha, na kunamfanya mtu ashindwe kuondoka. Vilevile kunaumiza baadaye: mzimamoto wa jiji kubwa akitoa maiti kwenye gari lililobondeka, uwezekano ni mkubwa kwamba hamjui marehemu. Wa kijijini huenda alisoma naye.

Basi turudi kwenye pesa, maana hapo ndipo mipaka kati ya makundi haya mawili inapovurugika. Wa kujitolea wengi duniani hupata chochote kidogo. Ufaransa hulipwa posho ya saa, isiyokatwa kodi. Uingereza wapo wanaoitwa wa kuitwa, watu wenye kazi nyingine wanaoishi dakika chache kutoka kituoni na kulipwa kiasi cha kuwa tayari pamoja na kila wito. Hao walikwenda mahakamani wakidai haki za pensheni sawa na wenzao wa kudumu, na mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikawapa ushindi uliofungua njia. Marekani nayo ina utaratibu wake wa kupima: kikosi kikitoa posho isiyozidi asilimia 20 ya ambacho kingemlipa mwajiriwa kwa kazi ileile, mtu bado huhesabiwa wa kujitolea.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ilitoka Nivelles, Ubelgiji. Mzimamoto wa kujitolea wa mji huo alitakiwa, akiwa kwenye zamu ya kungojea, awe ndani ya dakika 8 kutoka kituoni. Hakuwa kazini, alikuwa nyumbani kwake. Lakini dakika 8 maana yake huwezi kwenda kumtembelea ndugu yako mji wa pili, huwezi kumpeleka mtoto mechi ya ugenini, huwezi hata kunywa bia. Tarehe 21 Februari 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kungojea kwa namna hiyo ni muda wa kazi. Vikosi vingi vya kujitolea barani humo vilipata kiwewe, na kwa haki yao, kwa sababu sheria za Ulaya zina ukomo wa saa 48 za kazi kwa wiki. Mtu mwenye ajira ya saa 40 akihesabiwa na kungojea kwake amekwisha. Hata hivyo sioni mahakama ilikosea wapi. Ilitazama kitu kilekile kilichokuwa kikifichwa kwa miaka mingi, ikakipa jina lake.

Ukitaka kuona hatari ya kulipa kitu kisicho sahihi, nenda Ragusa, Sicily. Mwaka 2017 polisi wa Italia waliwatuhumu wa kujitolea 15 kwa kupiga simu za uongo na hata kuwasha moto, ili waitwe na kulipwa posho ya euro 10 kwa saa. Sitaki kuwapaka matope mamilioni kwa sababu ya wachache, na wachomaji wamewahi kupatikana hata miongoni mwa wenye mishahara minono. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Unapomlipa mtu kwa moto na kumnyima kwa kusubiri, mwezi usio na moto unakuwa mwezi wa njaa. Mwenye mshahara hana sababu hiyo. Mwezi wa kimya kwake ni mwezi mzuri.

Wajerumani wameliendea kwa mlango mwingine, na naona wana akili. Sheria humlazimu mwajiri amwachie mzimamoto aende bila kumkata mshahara, kisha mwajiri binafsi anaweza kudai fidia ya mshahara huo kwa manispaa. Maana yake mwenye duka la vipuri hamwangalii kijana wake kwa jicho baya kila peja inapolia. Na pale watu wa kujitolea wanapokosekana kabisa, manispaa zina mamlaka ya kuunda kikosi cha lazima: unapata barua, unaambiwa wewe sasa ni mzimamoto. Imewahi kutokea kwenye kisiwa cha Sylt, mji wa List. Ni nadra, lakini uwepo wake kwenye sheria unaonyesha kwamba dola haikuwahi kuamini kwamba moyo pekee unatosha.

Australia walijifunza hilo hadharani. Msimu wa moto wa 2019 na 2020 uliwaweka wa kujitolea wa New South Wales mstari wa mbele kwa miezi, si siku. Waziri mkuu Scott Morrison aliulizwa kuhusu kuwalipa, akajibu kwa maneno yaliyoeleweka kuwa watu hao wanapenda kuwa huko. Kabla Desemba haijaisha serikali ilitangaza fidia ya hadi dola 300 za Australia kwa siku, isiyozidi dola 6,000 kwa mtu, kwa waliopoteza kipato baada ya zaidi ya siku 10 za kazi. Wengi walikuwa wameshamaliza likizo zao na akiba zao. Walikuwa wanapenda kuwa huko, ni kweli. Benki iliyowakopesha nyumba haikuwa na habari na mapenzi hayo.

Yapo pia madeni yanayokuja kudai baada ya miaka. Mwaka 2022 shirika la IARC, tawi la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la juu kabisa la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Masizi hayachagui mwenye mkataba. Ila mwajiriwa akitoka motoni hurudi kituoni, mara nyingi penye mashine ya kufulia mavazi na bafu. Wa kujitolea wengi hulirusha koti lile kwenye buti la gari lao binafsi, juu yake kesho yake wanapanga mboga na begi la shule la mtoto. Akiugua, swali la kama bima ya kazini inamhusu hujibiwa tofauti kutoka jimbo hadi jimbo, nchi hadi nchi. Kama nchi inataka watu wake wajitolee, sawa, lakini mafunzo, mavazi, ufuaji wa mavazi, bima na matibabu havina cha kujitolea ndani yake. Hivyo ni bili, na bili inalipwa na mwenye nyumba.

Wakati huohuo wa kujitolea wanapungua. Marekani walikuwa 897,750 mwaka 1984. Mwaka 2020, kama nilivyotaja, walikuwa 676,900. Simu zinazoita vikosi nazo zimepanda zaidi ya mara tatu katika miongo hiyo, nyingi zikiwa za wagonjwa na si za moto. Wengine hulaumu vijana kwa ubinafsi. Siwaungi mkono. Kijana anayefanya kazi mji mwingine, saa moja barabarani, hawezi kuacha msumeno wake akafika kituoni kwa dakika 9 hata angekuwa malaika. Kijiji kilichogeuka kuwa mahali pa kulala tu kina wa kujitolea wengi usiku na karibu hakuna mchana.

Jibu linalojitokeza kwenyewe ni kituo cha mchanganyiko: wawili watatu wa mshahara mchana, wengine wote wakibaki kama walivyo. Kwa mji wa ukubwa wa kati sioni jibu bora. Lakini asidhani mtu ni rahisi. Chama kikubwa cha wafanyakazi wa zimamoto cha Marekani, IAFF, kina msimamo mkali dhidi ya mwanachama wake anayekwenda kujitolea kwingine siku zake za mapumziko, kwa hoja kwamba anaipa manispaa sababu ya kutoajiri. Victoria, Australia, mgogoro kati ya chama cha wenye ajira na wa kujitolea waliokuwa chini ya mwamvuli mmoja ulimfanya waziri ajiuzulu mwaka 2016, ukaishia kwa kuwatenganisha: Julai 2020 wa mshahara wote wakahamishiwa shirika jipya, wa kujitolea wakabaki na lao la zamani. Ugomvi haukuwa juu ya nani anajua kushika mpira. Ulikuwa juu ya nani anamwamuru nani mahali pa tukio, na kama gari linaweza kuondoka bila idadi fulani ya wenye mshahara ndani.

Hapo ndipo halmashauri inapopaswa kuwa na msimamo kabla ya kuajiri mtu wa kwanza, si baada. Mwenye mshahara aajiriwe kwa saa ambazo daftari la kikosi linaonyesha gari lilichelewa au liliondoka na watu pungufu. Amri ifuate cheo na mafunzo, siyo hundi. Na wa kwanza kuajiriwa awe dereva anayeijua pampu, kwa sababu wengine wote wanaweza kumkuta mahali pa tukio kwa magari yao. Daftari hilo lipo katika kila kituo. Lina saa ya wito, saa ya kuondoka, na majina ya waliopanda gari. Mijadala mingi ya bajeti niliyowahi kuifuatilia huanza na kumalizika bila mtu kulifungua.